Kabati la Mandazi na Bakuli Lililokwenda Malaba

Mwalimu wa Kabati alikuwa na suruali mbili, na zote mbili zilikuwa zimegombana na viatu vyake. Naanzia hapo kwa sababu sisi wanafunzi tulianzia hapo. Alizaliwa wapi na nani alimzaa, sijui. Sikuwahi kumuuliza swali ambalo halikuwa la kuchekesha darasa. Jina lake liko kwenye rejista ya shule, lakini hapa Busia hata wazazi wetu walimwita Mwalimu wa Kabati, naye akaitika.

Kabati lenyewe lilikuwa la mandazi. Lilitoka kwenye hoteli moja iliyofungwa karibu na stendi. Lilikuwa na vioo pande tatu, na nyuma mlango wa wavu ambao mwenye hoteli alipitishia mkono kuchukua andazi. Mwalimu alilileta shuleni kwa mkokoteni, akalisugua kwa majivu na sabuni wiki nzima, akalisimamisha kwenye kona ya darasa la historia. Siku za jua kali bado lilinuka mafuta ya kukaangia. Ndani yake alipanga vitu vya Waislamu wa zamani: birika la shaba lenye shingo ndefu kama ya korongo, kisanduku cha kalamu kilichochorwa maua madogo madogo, kigae cha buluu chenye umbo la nyota na ncha moja imevunjika, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, na bakuli. Kwenye wavu alibandika postikadi za vitu vilivyo katika makumbusho ya nchi za mbali, taa za misikiti na mazulia na milango, picha ambazo zilikuwa zimefifia hadi zote zikawa na rangi ya chai.

Siku alipotuonyesha kwa mara ya kwanza niliinua mkono.

"Mwalimu, andazi moja ni pesa ngapi?"

Darasa lilianguka. Yeye akasubiri kicheko kipite, kama mtu anayesubiri gari la moshi limalize kupita ndipo avuke reli. Halafu akasema, "Mandazi yameisha. Limebaki bakuli. Njoo ulitazame."

Nilisimama mbele ya kabati mpaka kengele. Aliendelea na somo lake nyuma yangu. Kengele ilipolia akaniuliza, "Umeona nini?"

"Bakuli, mwalimu."

"Basi na kesho."

Siku ya pili niliona lilikuwa jeupe na lina maandishi ya kahawia kuzunguka ukingo wa ndani. Akasema na kesho. Siku ya tatu, kwa hasira tu, niliinama mpaka pua ikagusa kioo, nikaona vipini vitatu vya shaba vidogo kama mchele, vimeshika ufa kama anavyoshona daktari.

"Lilivunjika," nikasema. "Mtu akalishona."

"Sasa umeanza," akasema, akafuta alama ya pua yangu kwenye kioo kwa mkono wa shati lake.

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake pekee. Walimu wengine walikuwa na fimbo, mmoja alikuwa na mpira wa baiskeli. Yeye alikupa kitu ukitazame. Ukipiga kelele, kigae. Ukichelewa, birika. Papai, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, alikuwa mchelewaji hodari, na ndiyo sababu mpaka leo Papai anaweza kukuchorea lile birika akiwa amefumba macho.

Kutazama alijifunza kwa kufuta vioo. Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mfanyakazi wa makumbusho fulani Kampala, si bwana mkubwa, mfagiaji wa vyumba vya maonyesho. Alituambia bila aibu. Alisema asubuhi alifuta alama za vidole vya watu wa jana, na kila alipofuta kioo alisoma kadi iliyokuwa nyuma yake, na baada ya miaka akajua kwamba wageni wengi husoma kadi na hawatazami kitu. "Wanakuja wameshaenda," alisema. Nilimwigiza maneno hayo kwenye bweni kwa miezi, na sauti yake ya puani, na suruali nimeipandisha mpaka magotini.

Kadi zake mwenyewe zilikuwa na mistari minne, daima minne. Ni nini. Kimetengenezwa wapi. Fundi ni nani. Kimefikaje hapa. Alikata kadi kutoka kwenye maboksi ya chaki. Na kwenye mstari wa tatu, kila kadi ilisema neno moja: Hajulikani.

Papai siku moja akasimama, uso mkavu. "Mwalimu, huyu Bwana Hajulikani alikuwa fundi kweli. Ametengeneza kabati lote peke yake."

Mwalimu alicheka. Alikuwa na tabia ya kuziba mdomo kwa mkono wa chaki akicheka, kwa hiyo kila tulipomchekesha alibaki na masharubu meupe, na hapo ndipo tulipocheka zaidi, naye akadhani bado tunamcheka Bwana Hajulikani. Halafu akatulia. Alisema hilo ndilo jambo linalomuuma kuliko yote. Mtu alikaa siku arobaini akichora maua kwenye kisanduku cha kalamu, akamaliza, akakitoa, hakuandika jina. Wengine waliandika, alisema, na makumbusho makubwa yanayo majina yao, lakini vitu vilivyofika kwake ni vya wale wasioandika. "Jina likipotea mkono unabaki," akasema. "Ukitazama sana utaujua mkono wa mtu popote."

Mstari wa nne kwenye kadi ya bakuli ulikuwa na neno moja tu. Birika lilikuwa na hadithi nzima, kwamba lilitumika kunawisha wageni mikono, likanunuliwa kwa muuza vyuma vikuukuu. Kigae alipewa na mtu aliyebomoa ukuta. Lakini kadi ya bakuli ilisema: Limewekwa. Tulidhani wino ulimwishia.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe na hakuona taabu. Hakuruhusu mtu yeyote aguse kitu ndani ya kabati, hata mwalimu mkuu, ambaye siku moja alinyoosha mkono kwenye birika na akaambiwa kwa upole, "Tafadhali, boss, kwa macho." Lakini huyo huyo alituambia kwamba vitu vya kabatini vina huzuni, kwamba bakuli lilitengenezwa liwekwe chakula, si kadi. Kwa hiyo siku ya Idi asubuhi alifungua mlango wa wavu, akalitoa bakuli kwa mikono miwili, akalijaza tende alizoletewa kutoka Mumias, akapita nalo dawati kwa dawati. Kila mtu tende moja. Wakatoliki, Waanglikana, hata mimi. Ilikuwa lazima uchukue kwa mkono wa kulia na polepole, na tende za juu zikiisha uliona maandishi. Alitusomea: baraka kwa mwenye kula humu. Ukurasa wa maandishi matakatifu aliuweka rafu ya juu kabisa, na hakuugusa bila kunawa. Na alipokuwa anafuta vioo Ijumaa alinong'ona nyimbo za misa, zote, mpaka beti ambazo sisi wa kipaimara hatukuzijua, kwa sababu alifundisha miaka kadhaa upande wa Nangina karibu na misheni, na nyimbo zikamwingia.

Aliwasifu mafundi wa dunia nzima na yeye mwenyewe hakuweza kupigilia msumari. Alitengeneza chombo cha kutafutia mwelekeo wa nyota, cha duara, kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akiiga postikadi. Alitutoa uwanjani akakishika juu, kikamkata kidole. Nilimuuliza kama kinaweza kuonyesha upande wa jikoni. Akanyonya kidole, akafikiri kabisa, akasema, "Kinaweza, kama jiko haliondoki."

Alitufundisha kuandika kwa matete. Tulishuka mtoni Sio kuyakata, yeye akayachonga ncha kwa mshazari, tukachovya kwenye wino wa masizi. Aliamini mtu hawezi kuelewa maandishi ya kwenye bakuli mpaka mkono wake umechoka. Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu: nilipenda. Nilijua kuvuta mstari mnene ukaisha mwembamba kama mkia wa panya. Nilijifanya nachoka, nilichora walimu wenye pembe, lakini nilipenda. Siku moja alisimama nyuma yangu muda mrefu. "Mkono wako una adabu kuliko mdomo wako," akasema. Papai alinicheka wiki nzima.

Na kitu cha mwisho kabla sijafika kwa kile nilichofanya. Aliheshimu karatasi. Nafikiri hii ilitoka kwenye makumbusho, ambako kitu bila karatasi yake ni kama kimeibwa. Alikuwa na kibali cha redio, kibali cha baiskeli, risiti ya kila kitabu. Sisi tumezaliwa mpakani. Mtoto wa mpakani anajua kwamba barua ya forodha ikifika nyumbani kazi yake ni moja, kukaa chini ya godoro mpaka walioiandika wahamishwe. Yeye hakuwa mtu wa mpakani. Alikaa hapa miaka na hakuwahi kuwa.

Ulikuwa mwaka wa kahawa ya magendo. Kila mtu anaujua. Magunia yalivuka kutoka Uganda kwa baiskeli, kwa punda, kichwani mwa akina mama waliosema wamebeba maharagwe. Wanafunzi wengine walipotea darasani wakarudi na saa za mkononi. Baba yangu ni wakala wa forodha Malaba, wale wanaozunguka na karatasi za madereva wa malori ili lori lipite, na Jumamosi jioni alikuwa akirudi Busia na mkoba umejaa fomu na muhuri wa kampuni yao.

Wikendi sisi wa bweni tulilala nyumbani, na Jumapili moja baba akiwa kanisani nilifungua mkoba. Sikuwa na sababu. Nimeitafuta sababu mwaka mzima ili niiandike hapa, sikuipata. Mwalimu hakuwa amenikosea. Alhamisi alinisimamisha mbele ya kigae kwa kupiga mluzi, ni hilo tu, na nilikuwa na kiu ya kitu cha kuwasimulia watu bwenini. Nilichukua fomu moja, nikaandika kwa mwandiko wa kiofisi, mzuri sana:

"Imefahamika kwamba unacho bakuli moja la kale lililotoka nje ya nchi. Unatakiwa ulilete kituo cha Malaba likaguliwe, pamoja na karatasi zake."

Nikapiga muhuri wa baba nusu, pembeni, ili jina la kampuni lisisomeke. Papai alicheka mpaka akalala chini. Tulipanga hivi: Jumatatu ataingia darasani na uso wa hofu, tutamwacha ahangaike mpaka mapumziko, halafu tutamwambia, atacheka, atapata masharubu.

Papai aliiweka kwenye sanduku la barua za walimu akachelewa, kama kawaida yake. Iliingia Ijumaa baada ya masomo.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye daraja dogo la barabara ya kuelekea Alupe tukila miwa. Mwalimu alitokea kwa baiskeli. Alikuwa amevaa koti. Bakuli alilifunga kifuani kwa kikoi, kama mtoto mchanga, na mkono mmoja ameuweka juu yake, mwingine kwenye usukani.

"Mwalimu," nikaita, "unaenda wapi na mtoto?"

Alishusha mguu mmoja. Jasho lilikuwa limeshaanza. "Malaba. Nimeitwa forodhani kwa sababu ya bakuli."

"Malaba kwa baiskeli?"

"Gari litalirusha."

Papai alinipiga teke la kifundo. Sikio langu moja lilimsikia akinong'ona, "Mwambie. Wewe, mwambie."

Mwalimu alitutazama wote wawili, namna ile yake ya kutazama, akisubiri. Nafikiri alidhani tunataka kumtania zaidi na akatupa nafasi. Barabarani walipita vijana watatu na baiskeli zenye magunia, wakitoka huko anakokwenda yeye, hata kengele hawakupiga.

Nikasema, "Safari njema, mwalimu."

Akaenda. Papai akanigeukia. "Wewe ni mjinga."

"Watamcheka tu kule, atarudi."

"Na wasipocheka?"

Nikatafuna muwa.

Jioni ile baba alirudi akiwa na furaha. Alivua viatu mlangoni, akanawa, akaketi, na kabla ugali haujakatwa akaanza.

"Leo pale Malaba nimeona kioja. Mama, sikiliza. Mpaka mzima unavusha kahawa, mchana, macho makavu. Halafu anakuja mzee mmoja na baiskeli, anapanga foleni nyuma ya malori, anafika kaunta, anafungua kikoi, anatoa bakuli."

"Bakuli la nini?" mama akauliza.

"Bakuli. La kulia. Anasema amekuja kulitangaza." Baba alicheka mpaka akashika ubavu. "Karani anamuuliza, mzee, karatasi yake iko wapi? Anasema hakuna. Limetoka wapi? Anasema Kampala. Mimi niko hapo pembeni, nikamhurumia. Nikamwambia chini chini, mzee wangu, sema ni la marehemu mama yako, uende zako. Ananiambia, 'Lakini si la mama yangu.' Basi sema ni lako. 'Si langu pia.' Sasa la nani? Anasema la jirani yake, muuza vitambaa wa Kampala, alipoambiwa afunge duka aondoke nchini alimwachia amtunzie mpaka siku atakayouliza. Ni amana. Anayasema hayo mbele ya karani, kwa sauti."

"Wakamfanya nini?"

"Wangefanya nini? Ana barua mkononi inayosema lilete likaguliwe. Karani hawezi kuachia kitu kilichoandikiwa barua. Mali ya mtu mwingine, imetoka nje, haina karatasi. Sheria ni sheria. Wakaigongea barua yake muhuri, bakuli likaingia ghala mpaka karatasi zipatikane." Baba akamega ugali. "Sijui ni mpumbavu gani aliyemwandikia. Kijana, mbona huli?"

"Tumbo," nikasema.

Ndipo nilipoelewa lile neno la kwenye kadi. Limewekwa. Wino haukuwa umemwishia.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani kama kawaida. Kabatini palikuwa na nafasi tupu, mviringo safi kwenye vumbi, na kadi ameiacha palepale. Watu waliuliza. Akasema, "Liko Malaba, linasubiri karatasi," akageukia ubao. Sauti yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba hakunipa tena kitu cha kutazama. Nilipiga mluzi, hakunipa. Nilichelewa, hakunipa. Nilifanya makosa ambayo sikuwa nimepanga ili tu anisimamishe mbele ya kabati, naye akasema, "Kaa, tuendelee."

Sikusema. Nilikuwa na hesabu zangu. Nikisema, nitafukuzwa shule. Nikisema, baba atapoteza kazi, maana muhuri ni wa kampuni yake. Nilimpenda sana baba yangu miezi ile, nilimtaja kila mara Papai aliponiuliza. Papai mwishowe aliacha kuuliza. Akahamia dawati la mbele.

Likizo nilimfuata baba Malaba kumbebea mkoba. Alikuwa na shughuli kwenye ghala, nikaingia naye. Kati ya magunia, matairi na mafriji yaliyofungwa kamba, kwenye rafu ya mbao, niliona ule weupe. Bakuli lilikuwa salama. Walilitunza vizuri, siwezi kusema vingine. Lilikuwa na kijikaratasi kimefungwa kwa uzi, nikakisoma: Bakuli 1. Limetumika. Lina ufa.

Hivyo tu. Nilisimama nikalitazama namna nilivyofundishwa, nikaona vile vipini vitatu, na kipande cha ganda la tende kimekauka ukingoni, cha Idi iliyopita.

"Baba," nikasema.

"Nini?"

Alikuwa amesimama mlangoni, kalamu sikioni, watu watatu wanamngoja.

"Vitu hivi vikikosa mwenyewe vinakwenda wapi?"

"Vinatangazwa ukutani. Muda ukipita, mnada. Twende, dereva ananisubiri."

Tukaenda. Tangazo lilibandikwa, nililiona kwa macho yangu mara mbili. Muda ukapita kihalali kabisa. Siku ya mnada baba alisema jioni kwamba bakuli la yule mzee liliuzwa pamoja na sufuria na taa za chemli, fungu moja, kwa mama mmoja ambaye hakumjua, aliyekuwa na haraka. "Kama lile lilikuwa na thamani," akasema, "basi amelipata kwa bahati." Hakucheka safari hii.

Idi ilipofika mwalimu alileta tende kwenye sahani ya bati. Nilijua atapita. Niliomba ruhusa kwenda msalani, nikakaa huko mpaka kengele, na kule msalani nilimwigiza mtu mmoja tu, mimi mwenyewe, nikisema safari njema, mwalimu.

Mwisho wa mwaka alistaafu. Walimu walimpa blanketi. Alisukuma kabati lake kwa mkokoteni ule ule kurudi mjini, na wanafunzi wakakimbia nyuma wakiuliza andazi pesa ngapi. Neno langu. Lilikuwa limeenea, wadogo wa kidato cha kwanza walilijua bila kujua lilitoka kwa nani.

Sasa niko kidato cha nne. Jumamosi iliyopita nilichukua baiskeli ya Papai. Sikumwambia ninaenda wapi, naye akanipa bila kuuliza, akasema tu, "Breki ya nyuma ni mbovu, tumia kiatu." Nilikwenda Nambale, maana nilisikia amehamia huko. Mwalimu amepanga chumba nyuma ya soko. Nilimkuta mlangoni ameketi kwenye kigoda, anachonga tete. Amekonda. Suruali imekuwa ndefu, au yeye amepungua.

"Karibu," akasema. "Umekua. Kaa."

Kabati lilikuwa ndani, limechukua nusu ya chumba, limemwacha na kitanda tu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njia nzima, tangu Bukhayo nilikuwa nayasema kwa sauti mpaka watoto wa barabarani wakanicheka. Nilipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Mwalimu, yule jirani yako wa vitambaa. Ulimwandikia?"

"Nilimwandikia. Anwani yake ninayo. Nilimwambia bakuli limepotea mikononi mwangu."

"Mikononi mwako?"

"Lilikuwa mikononi mwa nani?"

"Akasemaje?"

"Aliuliza habari za afya yangu." Akapuliza unga wa tete. "Na kama bado nafundisha. Karatasi mbili, mbele na nyuma. La bakuli hakuligusa."

Nikatazama kabati ili nisimtazame yeye. Na hapo nikaona. Kwenye nafasi ya bakuli, chini ya kioo, ililala barua. Ile fomu, imekunjuliwa, muhuri wa nusu upande mmoja na muhuri kamili wa Malaba upande mwingine. Imewekewa kadi ya boksi la chaki. Nilisoma:

Ni nini: Barua.
Imetengenezwa wapi: Busia.
Fundi ni nani:
Imefikaje hapa:

Mistari miwili ya mwisho ilikuwa wazi. Hakuandika Hajulikani.

"Tangu lini?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa kidato cha kwanza.

"Siku ile ile. Wakati wa kurudi nilipumzika Adungosi, chini ya paa la duka, mikono mitupu. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama, nikaitoa barua." Alinyoosha kidole chenye kovu la mkebe. "Tazama mkia wa herufi ya mwisho pale. Mnene, halafu mwembamba. Ni watu wangapi Busia wanaomaliza hivyo? Nilikufundisha mwenyewe."

"Kwa nini hukusema? Ungesema kwa mwalimu mkuu. Baba angekwenda kuongea nao. Lingerudi, mwalimu, bado lilikuwa ghalani."

"Nilifikiri hivyo. Kila siku." Akageuza tete mkononi. "Halafu nikaona aibu. Mimi ninayewaambia watu watazame, nilipewa karatasi yenye muhuri, nikavaa koti. Sikuitazama hata dakika moja. Nilisema, acha fundi aje mwenyewe, atakuja kesho, kabla ya mnada atakuja. Nikangoja. Nami nikakosea, kwa sababu bakuli halikuwa langu la kungojea nalo." Akanitazama. "Sasa tuko wawili."

Angenichapa ningeshukuru. Alichovya tete kwenye wino, akafungua mlango wa wavu, akatoa kadi, akaniwekea magotini.

Niliandika jina langu kwenye mstari wa tatu. Ndio mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika mbele yake. Alisogeza kadi kwenye mwanga, akaisoma muda mrefu. Akaziba mdomo kwa mkono, ila hakuwa anacheka, wala hakukuwa na chaki.

"Wa kwanza," akasema. "Kabati zima, wewe ndiye wa kwanza kuandika jina. Endelea. Mstari wa nne."

Nilishika kalamu juu ya kadi mpaka tone la wino likadondoka.

"Hapatoshi, mwalimu. Kadi ni ndogo."

"Basi chukua karatasi. Nyumbani. Uandike imefikaje hapa, yote, uniletee."

Nimeandika tangu Jumatatu. Papai amesoma, amerekebisha mahali pawili nilipojipendelea. Lakini muhuri haukuwa wangu, na siwezi kuipeleka Nambale kabla mwenye muhuri hajaisoma. Leo ni Jumamosi. Mlango umelia. Namsikia baba anavua viatu.